Kiti cha Mbele Kwenda Sydney

Coburg, Melbourne
20 Novemba

Dada Tegan,

Jana nilimaliza mtihani wa mwisho, kemia. Nilipotoka, wenzangu walikuwa wanakumbatiana na kupiga kelele uwanjani. Mimi nikazunguka nyuma ya maktaba nikashika njia ya kituo cha tramu. Si kwamba sikufurahi. Unajua nikiwa kwenye kundi la watu sijui hata mikono yangu niiweke wapi.

Ndiyo maana nakuandikia. Baba anasema sisi ndio dada wawili pekee Australia nzima ambao bado wananunua stempu. Mwache aseme. Tumeandikiana tangu wewe na Mama mlipohamia Sydney nikiwa na miaka kumi na mmoja, na kwenye simu mimi nakauka kabisa, nakuwa mtu wa "ndiyo" na "sawa" tu.

Sasa Krismasi. Nimefurahi kwamba mwaka huu itakuwa kwako, si kwa Mama wala si kwa Baba. Kwako hakuna atakayejiona mgeni kuliko mwenzake. Baba ameshaamua: tunakuja kwa gari. Tutaondoka alfajiri tushike barabara ya Hume, na mimi nitaendesha karibu nusu ya njia, kibao cha njano cha mwanafunzi wa udereva kikiwa kimebandikwa nyuma. Mtihani wa leseni ni Januari na bado sijafikisha zile saa mia na ishirini zinazotakiwa za kuendesha nikiwa na mkubwa pembeni. Baba anasema Hume ni kama tangi la saa, unafungua bomba unajaza ndoo yako.

Halafu unamjua yeye na ndege. Juzi nilimwuliza tena kama hawezi kujaribu hata mara moja. Akasema, "Mwanangu, nimeendesha tramu tangu hujazaliwa. Siwezi kukaa ndani ya chombo ambacho hata kisogo cha dereva sikioni."

Kwa hiyo tutafutie mahali pa kuegesha. Na umwambie Mama kwamba Baba ataleta viti vyake vya kukunja, asihangaike.

Mdogo wako,
Merryn


Marrickville, Sydney
26 Novemba

Merryn wangu,

Hongera kwa kumaliza! Nilikuwa kazini namwosha mbwa wa mteja, mkubwa mwenye hasira, barua yako ilipofika, nikaisoma kwa mkono mmoja. Ndiyo sababu ya hili doa la sabuni.

Sasa sikia, na usinune. Panda ndege. Kwa saa moja na nusu tu angani uko hapa, na nywele zako zikiwa bado zimechanwa. Kwa gari ni siku nzima ya malori yanayokupita kama nyumba zinazokimbia, na kangaruu wanaoruka barabarani jua likizama. Wewe hujawahi hata kuendesha kutoka hapo hadi Geelong, mji wa jirani. Watu husinzia kwenye Hume, Merryn. Barabara imenyooka mno mpaka macho yanajifunga yenyewe.

Nimeshakukatia tiketi. Ni ya tarehe 23 Desemba, asubuhi, kiti cha dirishani. Usinishukuru. Mama amefurahi kama mtoto, anasema atakuja kukupokea uwanja wa ndege na utakuwa wetu sisi wawili kwa siku nzima kabla ya Krismasi yenyewe.

Baba ataelewa. Yeye ni mtu mzima, ana kriketi yake ya kutazama siku inayofuata Krismasi.

Dada yako,
Tegan


Coburg
30 Novemba

Dada Tegan,

Asante kwa tiketi. Nimeiangalia mara nyingi. Jina langu limeandikwa vizuri.

Lakini hukuniuliza. Na sentensi yako ya mwisho nimeisoma hadi nimeikariri, kwa sababu ndani yake Baba anakula Krismasi peke yake na wewe umeipita kama mtu anayepita kituo ambacho hashuki. Unajua kwamba nikipanda ndege yeye haji. Hatakuja peke yake kwa gari kubisha mlango ambao Mama yumo ndani. Atakuja akiwa ananileta mimi, basi.

Unamwonea aibu? Ni gari? Najua mlango wa nyuma una rangi tofauti.

Kuhusu kuendesha, usijali. Jumapili tulikwenda mpaka mji wa Euroa, kwenye hiyo hiyo Hume, na kurudi, na mimi ndiye niliyeshika usukani karibu njia nzima. Baba haniambii "polepole" kama baba za watu wengine. Anakaa hapo pembeni, anakunja nne, anasimulia. Aliniambia jinsi alivyokuwa anaogopa kupiga kengele ya tramu wiki yake ya kwanza, kwa haya. Hakuna anayejua hadithi hiyo isipokuwa mimi. Lori likitupita kwa fujo, ananiruhusu kutukana, mradi tusi liwe jipya. La Jumapili lilikuwa "kopo la maharage lenye magurudumu." Alicheka mpaka akafuta machozi. Euroa tulikula pai ya nyama tumekaa juu ya boneti, na yeye akanipa ukingo wake wa pai uliokauka, kwa sababu anajua ndio ninaoupenda.

Picha mliyoituma, wewe na Mama kwenye bwawa la maji ya bahari pale Coogee, nimeibandika kwenye friji. Mmevaa kofia za kuogelea zinazofanana. Nani alizinunua? Mliamua lini kwamba zifanane?

Tuna kioo kipya cha pembeni, kwa hiyo gari liko salama kabisa.

Merryn


Marrickville
4 Desemba

Merryn,

Kioo kipya. Na kile cha zamani kilipatwa na nini?

Usijisumbue kutunga. Najua. Uligonga pipa la taka pale Euroa, nyuma ya duka la mikate, na pipa lenyewe halikuwa linakwenda popote. Baba alinieleza Alhamisi. Hakukusema vibaya, alicheka tu, akasema pipa lilikuwa na makosa nusu. Lakini ndilo ninalokuambia: hauko tayari kwa Hume.

Ndiyo, Alhamisi. Hunipigia kila Alhamisi akimaliza zamu, pale pale kwenye depo ya tramu, kabla hajarudi nyumbani. Nilidhani unajua.

Hadithi ya kengele naijua pia. Siku aliyoipiga kwa mara ya kwanza, mbwa alikuwa amelala kwenye reli. Alikusimulia habari ya mbwa?

Kofia alinunua Mama. Zilikuwa zinauzwa mbili mbili. Kila Jumamosi tunaogelea, halafu tunakula chipsi tukiwa bado na chumvi mwilini, na Mama anasema mambo ambayo siku nyingine hawezi kuyasema. Ungeyajua kama ungekuwa unakuja mara nyingi zaidi. Mlango wangu haujafungwa kwa mtu. Panda ndege.

Tegan


Coburg
7 Desemba

Tegan,

Sikujua habari ya Alhamisi.

Siku zote nilidhani Alhamisi anachelewa kwa sababu ya foleni ya magari. Nilikuwa namwekea sahani ndani ya oveni.

Wala sikujua habari ya mbwa. Hakunisimulia. Nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii na kumbe kuna kipande cha hadithi anakuwekea wewe. Nashindwa kulala nikikifikiria, na najua ni upuuzi, ni mbwa tu.

Basi umeshinda. Nitapanda ndege. Nilimwambia jana usiku mezani. Hivi ndivyo ilivyokuwa, nakuandikia yote ili nawe uyabebe.

Nikasema, "Baba, nitapanda ndege."

Akasema, "Ah. Sawa. Ni vizuri. Ni haraka."

"Na wewe utafanya nini siku ya Krismasi?"

"Mimi? Stavroula wa jirani amenialika. Yule mama atanilisha mpaka wanitoe kwa toroli."

"Amekualika lini?"

"Atanialika. Akisikia niko peke yangu, ataruka ukuta na sinia la kondoo."

Akacheka, nami nikacheka. Halafu akanyanyuka, akatoka nje na ndoo, akaanza kuosha gari. Aliosha mpaka chini ya milango. Gari ambalo haliendi popote, Tegan. Nilimtazama kupitia dirisha la jikoni na nilitaka kukuchukia, lakini niliona ni mimi niliyefungua mdomo.

Ogeleeni vizuri.

Merryn


Marrickville
11 Desemba

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Leo nimefunga duka mapema, nimekaa kwenye meza ya kuogeshea mbwa, na ninaandika kabla sijapata akili.

Sio gari. Ningeuona mlango wa rangi tofauti umeegeshwa nje ya nyumba yangu ningelia kwa furaha. Na sio kangaruu.

Unakumbuka siku Baba aliponibandikia kibao cha njano? Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na sita wiki hiyo. Wewe ulikuwa kiti cha nyuma, unakula zabibu. Tulikwenda kwenye uwanja wa kuegesha magari wa lile duka kubwa, Jumapili jioni, hakuna mtu. Nilizunguka nguzo za taa. Gari likazima, likazima tena. Baba akasema, "Usijali, tuna saa mia na ishirini mbele yetu, tutazeeka humu ndani sisi wawili." Hilo nalikumbuka neno kwa neno.

Mwezi uliofuata mimi na Mama tukaondoka.

Saa zangu zote nilizifanya na mwalimu wa kukodi huku Sydney, mzee aliyekuwa ananyonya peremende na kutazama saa yake, na nyingine na Mama, ambaye alishika mpini wa mlango njia nzima akiwa amefumba macho. Nikapata leseni. Nilimpigia Baba kumwambia, akasema, "Safi sana, binti yangu," nami nikajua anafikiria ule uwanja.

Halafu wewe unaniandikia habari za pai juu ya boneti. Za matusi mapya. Za ukingo uliokauka. Merryn, saa unazokaa naye kwenye lile gari ni zangu. Najua si zangu. Lakini nikiwaza mnakuja hapa, mnashuka mbele ya mlango wangu na vichekesho vyenu vya njiani ambavyo hakuna wa kunitafsiria, sitaki hata kuufungua. Ndiyo maana nikakukatia tiketi. Sikutaka kumwacha peke yake. Nilitaka tu usikae pale mbele siku nzima.

Na kuhusu Alhamisi: hunipigia kutoka depo kwa sababu aliona ukisikia jina langu unanyamaza wiki nzima. Nusu ya maongezi yenyewe ni wewe. "Merryn amefaulu hiki, Merryn amesema kile." Mara nyingine naiweka simu kwenye taulo na kuendelea kumkausha mbwa wa mtu.

Jumamosi na Mama si kila Jumamosi. Mwaka huu ni kama mara nne.

Tegan


Coburg
14 Desemba

Dada Tegan,

Barua yako ilifika wakati Baba yuko kazini. Niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena ndani ya gari lililoegeshwa, nimekaa kiti cha dereva.

Nakumbuka zabibu. Nakumbuka pia kwamba nilikuwa nimenuna kule nyuma, kwa sababu alikuwa hageuki kunitazama. Alikuwa anakutazama wewe tu.

Nimefikiri sana na nitasema haraka kabla sijabadilisha nia, maana nia yenyewe haijakaa sawa. Mimi nitapanda ndege yangu ya tarehe 23. Wewe panda ndege ya kuja huku siku hiyo hiyo. Alfajiri ya tarehe 24 uondoke na Baba kwa gari, wewe na yeye. Una leseni kamili. Uendeshe njia nzima ukitaka. Mimi nitakaa na Mama siku moja bila mtu mwingine, ambayo sijawahi kuipata tangu mhame. Sijui nitamwambia nini, lakini nataka kuwa nayo.

Usiniambie mimi ni mwema. Kila nikifika kwenye sentensi ya "uendeshe njia nzima" mkono wangu unataka kuikata. Ninapoteza saa ambazo nilizihitaji kwa mtihani na ambazo nilizihitaji hata bila mtihani. Mtihani nimeusogeza hadi Machi.

Sijamwambia Baba. Umwambie wewe Alhamisi. Ni simu yako.

Masharti ni haya. Usile pai juu ya boneti. Mle ndani ya duka kama watu wengine. Na ukingo uliokauka mwachie mwenyewe.

Merryn


Marrickville
18 Desemba

Merryn,

Nakuja. Mbwa wote wa Sydney huoshwa wiki ya Krismasi na tajiri wangu ameniita majina ambayo Baba angeyapa alama kumi, lakini nakuja.

Nilimwambia. Akauliza, "Merryn anajua?" Nikamwambia wazo ni lako. Akasema, "Hebu ngoja kidogo," nikasikia anapenga kamasi, na sauti ya mtu mwingine pale depo ikiuliza, "Oya, mzee, nani amekufa?" Akajibu, "Funga mdomo, Kev. Binti yangu anakuja kunichukua."

Binti yangu anakuja kunichukua. Nakupa na hiyo, uifanye unavyotaka.

Kwenye pai sitoi ahadi.

Tegan


Nyumbani kwako, Marrickville
24 Desemba

Dada Tegan,

Nimekaa kwenye meza yako karibu na dirisha la juu linalotazama mtaa. Mama amekwenda kupanga foleni ya kamba wa baharini sokoni, na alikataa nimsindikize, anasema foleni ya kamba mkesha wa Krismasi si mahali pa mtu mwenye haya, watu wanapigana vikumbo kule. Hii sitaiweka posta. Nitaiacha mezani.

Jana nilipokuwa angani nilifikiri kwamba mahali fulani hapo karibu ndege yako inakwenda upande wa pili. Nilitazama nje dirishani. Niliona mawingu tu.

Asubuhi Mama alinipeleka Coogee. Alinipa kofia yako. Inanibana. Nilidhani nikivaa kofia hiyo na kuingia majini naye, kitu fulani kitafunguka na atayasema yale mambo anayokuambia wewe. Tuliogelea. Tulikula chipsi na chumvi mwilini, kama ulivyoandika. Mama akatazama bahari, nikangoja. Akasema, "Sasa hivi watakuwa wamepita Albury. Tegan akichoka huwa hasemi. Nilitakiwa kumwambia Baba yako." Halafu akaniuliza kama nasikia baridi, na akanifunga taulo mabegani kama nina miaka kumi na mmoja, akalishika hapo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Ni hayo tu. Sijui kama hiyo ni siri au si siri, lakini ni yangu, na nilitaka ujue kwamba hukuwapo.

Mchana Baba alipiga simu kutoka Gundagai, mji wa njiani. Mama akapokea, akasema, "Anakutaka wewe." Ananitaka mimi, Tegan.

Nikamwuliza, "Tegan anaendeshaje?"

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana."

"Kuliko mimi?"

Nikasikia malori nyuma yake.

"Merryn, mwanangu, niko kwenye foleni ya pai."

"Baba."

"Hajagonga pipa lolote mpaka sasa, kama ndilo unalouliza."

"Mmetukana lori?"

"Moja tu."

"Mkasemaje?"

Akaanza kucheka, akajaribu kunieleza, akashindwa, akasema, "Ah, ilibidi uwepo." Kisha akasikia alichokisema. Akasema, "Ilibidi uwepo, Merryn. Nimesema hivyo mara nyingi leo, dada yako amechoka kunisikia."

Unajua mimi na simu. Lakini sikukauka, nilikuwa tu nimeshika ile sauti.

Nilidhani nikitoa kiti kile wivu utaisha, kwamba ndivyo inavyokuwa mtu akifanya jambo jema. Haukuisha. Tangu asubuhi nimewafuata kwenye ramani ukutani kwako kwa kidole, mji kwa mji, na kila mji nimewaona mnacheka. Lakini sijutii. Haya mawili yako ndani yangu kwa pamoja na wala hayagombani, na hakuna aliyenifundisha shuleni kwamba inawezekana.

Kurudi nyumbani, kiti cha mbele ni changu. Usukani pia. Hata ukija kutusindikiza mpaka mji wa Goulburn, utakaa nyuma na utakula zabibu.

Nimesikia gari. Naujua mngurumo wake kabla halijakata kona. Ule mlango wa rangi tofauti umetokea. Baba ameegesha vibaya, hapana, ni wewe uliyeegesha vibaya, wewe ndiye unayeshuka upande wa dereva. Unamrushia funguo kwa juu ya paa la gari na yeye anazidaka bila kutazama, kama ninavyomrushia mimi.

Ngoja nishuke, kabla hamjaanza kucheka bila mimi.

Merryn